Mimi si dalali: siku moja na mbao za vijiji, Keko

Saa 11 alfajiri dereva ananipigia kutoka Nangurukuru, Kilwa. Amelala hapo na fuso lake, maana mazao ya misitu hayasafirishwi usiku. Saa 12 ataingia barabarani. Amebeba mbao za mninga, mkongo na mtondoro wa vijiji vitatu vya Kilwa na Liwale.

Saa 2 nafungua stoo Keko, Dar es Salaam, nahesabu, napanga, nafagia.

Watu wa hapa huniita dalali, na jina hilo linaniuma. Dalali anaishi kwa tofauti ya bei ya porini na ya mjini. Mimi nalipwa mshahara na vijiji vyenyewe. Zamani kila kijiji kiliuza peke yake: tajiri anakuja na gari, anawaambia kijiji jirani wamempa bei ya chini zaidi, kisha anakwenda kwa jirani na maneno yaleyale. Wakati huo karakana ya Dar inataka gari zima la mbao za kipimo kimoja, na hakuna kijiji kinachoweza kulijaza, kwa kuwa mpango wa uvunaji unaruhusu miti michache tu kwa mwaka. Walipokubaliana kuunganisha mzigo na kusimamia bei moja, ndipo wakahitaji mtu wa kukaa mjini. Ndiyo kazi yangu.

Saa 4 anaingia mzee mwenye karakana ya makabati. Namwamkia, anaitikia huku tayari anagonga mbao kwa vidole.

"Binti, mninga wako ghali. Kuna jamaa ananiletea kwa bei pungufu, usiku, mpaka mlangoni."

"Mzee wangu, huyo jamaa ana karatasi?"

"Kabati halisomi karatasi."

Namwonyesha alama ya nyundo ya kijiji kwenye kichwa cha ubao, muhuri unaoonyesha mbao ni halali. Namweleza kwamba Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, kuuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Kwamba bei yangu ina posho ya vijana wanaofanya doria ndani yake. Namweleza kuwa vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009, vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Anasikiliza, anakunywa maji yangu, anarudi palepale: punguza. Namwomba basi ajaribu mtondoro, mti mgumu na wa bei nafuu, ambao ukinunuliwa mninga unapata kupumua. Hataki, wateja wake wanataka mninga. Hivyo hivyo mpaka saa 6. Anaondoka akisema atafikiria.

Zile mbao za usiku ndizo zinazotumaliza. Nyingine ni za hapa nchini, nyingine zinavuka Ruvuma kutoka Msumbiji bila kibali, na zikishuka Dar anayeumia ni mwanakijiji aliyefuata taratibu. Mwaka 2015 Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagaska zilitia saini Azimio la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya mbao. Nalipenda azimio lile. Kijiji peke yake hakiwezi kulinda bei yake ikiwa mpaka uko wazi, na nchi moja pia haiwezi.

Halafu simu. Gari limezuiwa kwenye kizuizi cha ukaguzi wa mazao ya misitu. Idadi ya pisi kwenye hati hailingani na iliyomo garini. Huko kwenye upakiaji vipimo viwili vimeandikwa mstari mmoja. Ofisa anataka zishushwe zote zihesabiwe, na ana haki. Nampigia mwenyekiti wa kamati ya maliasili: hapatikani, mpaka apande kilimani kwenye mtandao. Nampigia mke wake, anamtuma mtoto. Nasubiri. Dereva anapiga, tandiboi wamegoma, wanataka hela ya kushusha. Natuma. Nasubiri tena, jua la Keko limeingia hadi kwenye mifupa, sijala. Ikifika saa 12 gari litalala hukohuko na mteja wa kesho nitamkosa. Mwishowe picha ya kitabu cha kamati inaingia, ofisa analinganisha, wanapakia upya. Mbagala kuna foleni. Gari linaingia stoo dakika chache kabla ya saa 12.

Kuli wanashusha, nahesabu pisi moja moja kwa tochi ya simu. Mzee wa makabati amerudi, amechukua mninga, kwa bei yangu. Mtondoro ameupita.

Usiku mwenyekiti wa kijiji kilicholeta mtondoro anauliza kwenye kundi la WhatsApp: sisi tutasubiri mpaka lini? Makubaliano yetu ni kwamba mfuko wa pamoja unatanguliza sehemu ya malipo kwa mzigo ambao haujauzwa, asije mtu akarudi kwa tajiri. Naandika kiasi cha kila kijiji, mtondoro nao ukiwemo, na kumwomba mhasibu atume asubuhi.