Wa mauaji ana wakili, wa simu hana

Hii kitu nimeiongea sana kwa vikao nikaona bora niiandike mara moja tu. Watu wakisikia serikali inaweza kukupa wakili wanadhani ni mambo ya sinema za Marekani, kumbe hata sisi Kenya tunayo, iko kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 50(2)(h), mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali kama bila wakili atadhulumika pakubwa. Sasa nani anaamua utadhulumika ama hutadhulumika, hapo ndo vita vilipo.

Ukishtakiwa mauaji unapelekwa Mahakama Kuu na wakili utapewa, Mahakama inamlipa, malipo yenyewe ni kidogo na mawakili hawaachi kulalamika, lakini angalau kuna mtu anasimama upande wako. Ukishtakiwa wizi wa mabavu unaenda kwa hakimu, na huko mara nyingi unasimama peke yako, ilhali adhabu ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ni kifo vilevile. Na wizi wa mabavu si lazima bunduki, sheria inasema ukiwa na silaha, AMA mko zaidi ya mmoja, AMA umempiga mtu, kwa hivyo vijana wawili wakimkaba mtu wakamtoa simu, bila hata kisu, hiyo inatosha. Najua Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, lakini mtu kukaa ndani maisha yake yote kwa sababu ya simu si jambo dogo.

Halafu 2017 Mahakama ya Juu kwa kesi ya Muruatetu ikasema hakimu ama jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo, watu magerezani wakasherehekea, mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa mauaji peke yake. Yaani wa mauaji ana wakili na ana nafasi ya kuomba apunguziwe, huyu wa simu hana hiki wala kile.

Kama hujawahi kuona, nenda ukae nyuma kwa korti yoyote ya hakimu asubuhi. Mi kazi yangu ni ya paraligo, yaani msaidizi wa kisheria, huku pwani na nimeona hii picha mpaka nimeizoea, shahidi anamaliza, hakimu anamgeukia mshtakiwa, "una maswali kwa shahidi?" Kijana anaanza, "mheshimiwa mimi siku hiyo nilikuwa kwa mama..." anakatizwa, uliza swali, utajitetea baadaye. Ananyamaza. Ameshika fotokopi ya taarifa za mashahidi, imeandikwa Kiingereza, hajui kwamba kwa ukurasa wa pili huyo huyo shahidi aliwaambia polisi kulikuwa giza na hakuona sura ya mtu. Swali moja tu hapo lingetikisa kesi. Anasema sina swali mheshimiwa. Shahidi anashuka. Na hakimu hana makosa hapo kusema ukweli, si kazi yake kumuulizia mshtakiwa maswali.

Ndo maana ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 tuliipokea kwa vifijo. Ilianzisha huduma ya kitaifa na hazina yake, na kifungu cha 43 kikamwambia hakimu amjulishe mshtakiwa haki yake, na akiona atadhulumika aiarifu ile huduma imtafutie wakili. Nzuri. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kukosa wakili hakuzuii kesi kuendelea! Wametupa nyama wakafunga sufuria. Hakimu anaarifu, jibu halifiki, kesi inasonga.

Kwa hivyo memoranda yetu, yaani maoni ya maandishi kundi letu linayopeleka kwa Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria ya Bunge, inaomba kitu kimoja: kosa lolote lenye kifo ama maisha, kesi isianze kusikizwa mpaka mshtakiwa awe na wakili ama awe amemkataa mwenyewe kwa maandishi. Wengine kwa kundi letu walitaka tuombe kila kosa, mpaka wizi wa kuku, nikakataa, kwa sababu swali la kwanza la mbunge yeyote litakuwa pesa zatoka wapi, na hata Mahakama ya Juu ilishasema 2017 kwa kesi ya Karisa Chengo kwamba haki hii haiko wazi kwa kila mtu, wataangalia uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mtu kulipa, kama amesoma na kadhalika. Tuanze na hawa ambao hata Mahakama ya Juu haiwezi kuwakana.

Na hiyo ya pesa ndo kubwa kuliko yote. Mwendesha mashtaka ana ofisi yake huru ndani ya Katiba, kifungu cha 157, msaada wa maskini uko chini ya Mwanasheria Mkuu, ambaye ndo mshauri wa serikali yenyewe. Mwisho wa Aprili makadirio ya bajeti yanafika Bungeni na kamati inatakiwa isikize wananchi, wakulima wanaenda, madaktari wanaenda, wa rimandi nani anawaendea? Mfungwa Kenya anapiga kura ya rais pekee, mbunge hapati hata moja kutoka gerezani, na yeye anajua hesabu hiyo vizuri. Sasa tunaenda na kina mama zao, hao wanapiga kura za wote, na mheshimiwa akiwaona wamekaa mstari wa mbele kwenye kikao anaweka simu chini.

Kama uko Kilifi, Kwale ama Taita na mtu wako alihukumiwa wizi wa mabavu bila wakili, tafuta nakala ya mwenendo wa kesi kabla ya kikao cha kamati. Tunataka maneno yenyewe ya kortini, ile sehemu ya "sina swali", tuiambatishe kwa memoranda.