Chakula cha mboga penye mapendano

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, shikamooni wakubwa wangu wote, na wadogo marahaba. Neno la wiki hii ni fupi, Mithali 15:17: "Chakula cha mboga penye mapendano, Ni bora kuliko ng'ombe aliyenona pamoja na kuchukiana."

Huu mstari tumezoea kuusikia kwenye send-off, mshenga akishaongea sana anautupia hapo watu wanapiga vigelegele halafu tunahamia kwenye pilau. Leo nautaka jikoni. Maana wanandoa wengi ninaowajua sa hivi wako kwenye dayati, au wanataka kuanza, au walianza ikaishia kwenye ugomvi, na angalieni vizuri Sulemani alichosema. Hajasema mboga ni bora kuliko nyama. Ng'ombe hana kosa lolote hapo. Anachopima ni hali ya watu waliokaa kuizunguka hiyo sahani, kama wanapendana au wanachukiana, na mimi naona ndo hapo dayati za wanandoa zinapofia, siyo kwenye chakula.

Tuangalie zinavyoanza. Baba kaenda kupima, presha iko juu, daktari kamwambia punguza chumvi, punguza mafuta, punguza uzito. Vizuri. Anarudi nyumbani, hata viatu hajavua, anatoa tangazo: kuanzia leo humu ndani hakuna chapati, hakuna soda, ugali kidogo. Hajamuuliza mtu. Anayeenda sokoni siyo yeye, anayepika siyo yeye, atakayekaa na watoto wanaolia wanataka chapati siyo yeye, halafu kesho yake saa nne asubuhi yuko kwa mama ntilie karibu na kazini na supu ya mbuzi na chapati mbili, anajipangusa mdomo anarudi ofisini, jioni nyumbani anakula mchicha kwa huzuni ya mtu anayeteswa kwa ajili ya imani. Na akina mama nasi tusicheke sana. Kuna dada kaona kwenye simu mtu kashuka kilo kadhaa kwa matango, basi mume katoka kubeba zege mchana kutwa anakuta sahani ya matango na yai moja, bila maelezo, ukiuliza unaambiwa nakupenda ndo maana. Jamani, mtu wa zege!

Amosi 3:3 inauliza, "Je! Watu wawili waweza kutembea pamoja, wasipokuwa wamepatana?" Hilo swali liwekwe mezani kabla ya matango. Kupatana siyo mmoja kutangaza na mwingine kunyamaza, maana kunyamaza kwa mwenye jiko mnakujua, chumvi itaongea kwa niaba yake.

Na tukumbuke kwamba tatizo la kwanza la mume na mke lililoandikwa kwenye Biblia lilihusu kula. Mwanzo 3, mwanamke akatwaa akala, akampa na mumewe naye akala, wote wawili, hakuna aliyelazimishwa. Mungu alipouliza, Adamu akajibu, "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Kwa sentensi moja kamshitaki mkewe na Mungu aliyempa huyo mke. Sasa sikiliza nyumba iliyoanza dayati wiki ya tatu: wewe ndo ulipika wali wa nazi, wewe ndo ulileta soda ukasema za wageni, wewe ndo unanunua mikate mitatu kama tuna hoteli. Ni Adamu yule yule, kabadilisha tunda tu.

Wengi wakitaka kuipa dayati sura ya kiroho wanakimbilia Danieli sura ya 1. Sawa, ila tuisome yote. Danieli aliazimu moyoni mwake asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, hilo la kwanza, lilikuwa lake mwenyewe kabla hajamwambia mtu. Halafu akaenda kwa msimamizi na akaanza na neno tafadhali: "Tafadhali utujaribu sisi watumishi wako muda wa siku kumi, na watupe mtama tule, na maji tunywe." Kaomba, kaweka muda unaoeleweka, kakubali mwisho wapimwe waonekane, na hakuwa peke yake, walikuwa wanne, yeye na Hanania na Mishaeli na Azaria, sahani moja. Nyumba nyingi zingepona kama baba angeingia na tafadhali na siku kumi badala ya kuanzia leo hadi milele. Siku kumi mtu yeyote anaweza kuzibeba, mnakaa tena mnaangalia, hiki tunaendelea nacho, hiki hapana. Ila niwaambie kitu ambacho wanaouza hizi ratiba za Danieli huwa wanakiruka, mstari wa 15 unasema zile siku zilipoisha nyuso zao zilikuwa nzuri zaidi na miili yao ilikuwa imenenepa kuliko wale waliokula chakula cha mfalme. Imenenepa! Kwa hiyo kama unataka kupungua kitambi usimsingizie Danieli, yeye alikuwa anakataa unajisi. Chukua adabu yake na utaratibu wake, mambo ya kilo muulize daktari.

Sasa hapa nitakaa kidogo maana ndo panapouma. Ulimi. Kuna wanaume wanadhani kumhamasisha mke ni kumwambia mbele za watu kwamba amekuwa kama pipa, au wakiona msichana kapita wanasema mke wangu naye zamani alikuwa hivyo. Huyo mama kabeba mimba za watoto wako, kapasuliwa, kanyonyesha usiku umelala, halafu unamcheka tumbo. Na wapo akina mama pia wanaomwita mume kitambi mbele ya mashemeji, wanasema ni utani, yule baba anacheka na wao lakini ukimwangalia macho hachekei. Someni Wimbo Ulio Bora, yule bwana anamsifia mpenzi wake macho, nywele, meno, shingo, anashuka kiungo kwa kiungo, mifano mingine ukiisoma leo utashangaa maana nywele anazifananisha na kundi la mbuzi, lakini ni sifa mwanzo mwisho, hakuna mahali kamwambia ungepungua kidogo hapa. Paulo naye kwenye Waefeso 5 anasema hakuna mtu anayeuchukia mwili wake, bali huulisha na kuutunza, na hapo anaongelea mke. Anaanza na kulisha.

Namkumbuka na Elkana, 1 Samweli 1. Mkewe Hana hakuwa na mtoto, na alikuwa anachokozwa na mke mwenzake mwaka hadi mwaka, ikafika mahali analia hali chakula, na mumewe ndo aliyeona sahani haijaguswa. Akamuuliza unalilia nini, kwa nini huli? Hiyo ya pili kwamba yeye ni bora kuliko watoto kumi hatukuihitaji sana, wanaume huwa mnaharibu hapo mwishoni, ila kuona alikuwa ameona. Mke anayekula kidogo ghafla anaweza kuwa kwenye dayati na anaweza kuwa kwenye huzuni, na anayekula sana usiku jikoni peke yake taa imezimwa pia ana jambo. Mwenye kujua tofauti ni aliyekaa naye meza moja.

Halafu kuna ndugu. Kwetu mume kunenepa ni cheti cha mke, wanasema ametulia, anatunzwa. Akishuka kilo tano tu mama mkwe akija kwa likizo anamshika mkono anasema mwanangu umekonda, na anamwangalia mkamwana. Mtaani nako wana yao, mtu akipungua wanaanza kunong'ona anaumwa, na tunajua wote ugonjwa upi wanaomaanisha. Mke akiachiwa ajibu hayo peke yake atarudisha mafuta kwenye sufuria ili apumzike, na mimi simlaumu. Baba ndo aseme, mama yake ni mama yake: mama, ni mimi na mwenzangu tumekubaliana, daktari ameshauri, na leo nimekatakata mboga mwenyewe. Mkwe akisikia mwanae kakata mboga atapata jambo jingine la kusikitikia, lakini angalau siyo la uzito.

Kwenye vitendo nisiseme mengi, kila nyumba ina jiko lake. Cha kwanza msipike vyungu viwili, cha baba cha mgonjwa na cha wengine cha wazima, hiyo inamchosha mpishi na inamtenga mtu kwenye meza yake. Pikeni kimoja chenye afya kwa wote: matembele, maharage, dagaa, kachumbari, ugali wa dona. Mafuta kwetu yanamiminwa kwa macho moja kwa moja kutoka kwenye dumu la lita 5, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, sasa ukimimina kwa macho huwezi kujua ni vijiko vinne au kumi. Kuna nyumba moja naijua wanajaza kichupa kidogo Jumapili jioni, kile ndo cha wiki nzima, kikiisha Alhamisi basi Ijumaa ni vya kuchemsha na hakuna wa kulaumiwa, maana walikijaza wakiwa wawili. Sukari ndo msiseme. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, hiyo ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai kwa mtu mzima kwa siku. Mtu anaweka vitatu kwenye chai ya asubuhi na vitatu jioni, ameshamaliza, hajagusa soda wala juisi. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hapo mnahesabu na ile ya kwenye viungo vya pakiti. Mazoezi wanasema angalau dakika 150 kwa wiki. Mkitembea pamoja jioni nusu saa siku tano mmefika, na mtashangaa mtakayoongea njiani, kuna mambo mume hawezi kuyasema akiwa amekaa kwenye kochi.

Ila msijadili ada ya shule wala kiwanja mkiwa na njaa. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu kwa sababu alitoka porini amechoka na njaa. Kuleni kwanza hata kama ni kidogo, ndo muongee.

Mwenye kisukari anayetumia vidonge au sindano asikate chakula kwa kuiga mwenzake, sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka, aende kliniki kwanza wampangie. Mjamzito na anayenyonyesha hivyo hivyo, na mwenye vidonda vya tumbo. Na zile chai za kupunguza tumbo mnazouziana pale nje baada ya ibada, nimeshasema na nitasema tena, muuzaji kuwa mpendwa hakugeuzi majani kuwa dawa. Pia kufunga ni kufunga. Mkifunga na kuomba mfunge kwa ajili ya Bwana, siyo siku ya nne unapanda kwenye mzani unasema utukufu kwa Mungu nimeshuka mbili.

Mmoja ataanguka, hilo lijueni kabisa. Atakutwa na mandazi, au kwenye harusi atajaza sahani kama jamaa wa bwana harusi. Mhubiri 4 inasema wawili ni bora kuliko mmoja kwa maana wakianguka mmoja atamwinua mwenzake, haijasema atampiga picha. Na msishindane kilo, mara nyingi mwanaume hushuka haraka mwanzoni maana mwili wake una misuli zaidi, mama anakula vile vile anatembea vile vile na mzani hausogei, baba akianza kujisifu hapo amefunga dayati ya nyumba nzima.

Swali la kujadili nyumbani, wote wawili, simu ziwe mbali: ni neno gani nimewahi kusema kuhusu mwili wako au chakula chako ambalo bado unalikumbuka? Mume aulize kwanza, na mke akishajibu asijitetee, hata kama ana maelezo mazuri. Halafu mke naye aulize. Baada ya hapo ndo mpange siku zenu kumi, muombe pamoja, Jumamosi mwende sokoni wawili na kapu moja. Baba ndo alibebe.