Tulivyoratibu misaada ya Hanang tukiwa chuoni

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa kwa mvua kubwa ilimeguka, na tope lililobeba mawe na magogo likashuka hadi mji wa Katesh na maeneo ya Gendabi na Jorodom, likaua watu zaidi ya 80. Wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja jijini Dodoma, nikishughulikia ustawi wa jamii katika serikali ya wanafunzi, na jioni ile ile nilikabidhiwa kazi ya kuratibu michango.

Nilikosea mwanzoni kabisa, kwani nilitangaza kukusanya nguo kabla ya kuuliza ni kitu gani kinachohitajika. Ndani ya siku mbili ukumbi mdogo ulijaa viroba, na wenzangu walikesha wakichambua, maana nguo nzuri zilichanganyika na zilizochanika na viatu visivyo na jozi. Ninaamini mpaka leo kwamba kumpelekea mtu aliyepoteza nyumba vazi ambalo wewe mwenyewe usingelivaa ni kumvunjia heshima, kwa hiyo yaliyochanika tuliyaacha.

Aliyetuonyesha njia ni kijana wa mwaka wa kwanza, mwenyeji wa Katesh, aliyekuja ofisini kuomba nauli ya kwenda kwenye mazishi. Alikuwa ametoka kuzungumza kwa simu na mama yake, aliyekuwa amehifadhiwa shuleni pamoja na waathirika wengine. "Dada, nguo wamepata," aliniambia. "Mama hana hata sufuria, na wadogo zangu hawana daftari wala sare za kuanzia shule Januari."

Nilijisikia vibaya kwamba siku mbili nzima tulikuwa tukihangaikia watu wa mbali, ilhali waliofiwa tulikuwa nao mabwenini. Kupitia wawakilishi wa madarasa na walezi wa mabweni tuliwatafuta wanafunzi wengine wanaotoka Hanang, tukiwauliza mmoja mmoja na kwa faragha, kwa sababu wapo ambao hawakutaka msiba wao uwe habari ya darasa zima. Nauli ilitolewa kwanza, kabla ya ununuzi wowote. Wahadhiri wakakubali kuwaahirishia majaribio, na mshauri wa wanafunzi akatenga saa za jioni kwa ajili yao. Wao ndio waliotuandikia orodha ya mahitaji baada ya kuwapigia ndugu zao: sufuria, ndoo, mablanketi kwa kuwa chini ya mlima ule kuna baridi, taulo za kike na madaftari.

Fedha zilinitia hofu kuliko jambo lolote, kwa sababu mchango wa mwanafunzi hutoka katika pesa yake ya kujikimu, na minong'ono kidogo tu ingetosha kuwafanya watu wafunge mifuko. Kila kiasi kiliandikwa katika daftari moja lililosainiwa na watu watatu, yaani mwanafunzi, mhadhiri na mhasibu, na kila jioni jumla yake ilibandikwa mlangoni mwa bwalo. Michango iliongezeka baada ya karatasi ya kwanza kubandikwa, tena hata wapishi na walinzi walikuja kuchangia.

Vitu vingi tulivinunua Singida, kwa kuwa ni njiani na kufanya hivyo kulipunguza gharama ya lori. Tulipofika Katesh hatukugawa chochote kwa mikono yetu, ingawa baadhi ya wenzetu walitamani kufanya hivyo. Tulikabidhi kila kitu kwa kamati ya maafa ya wilaya, ambayo ndiyo iliyojua ni kambi ipi imepata nini, tukarudi na hati ya mapokezi na kuibandika pale pale mlangoni.

Yule kijana alirejea baada ya wiki tatu na kufanya majaribio yaliyompita. Siku aliporudi alikuja ofisini, akaomba kuliona daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama.