Alhamisi zetu za Muscat, bibi wa opera na nazi za Salalah

Mwaka wa kwanza hapa Muscat, Oman, mimi na mwenzangu mji tuliuonea dirishani. Dirisha la gari asubuhi, dirisha la jikoni jioni, basi. Tulikuja na hesabu zetu kichwani, kila riyali tunaigeuza shilingi za nyumbani afu tunashtuka, yaani hata chai ya karak ya barabarani ambayo haifiki nusu riyali tulikuwa tunaijadili kama tunanunua kiwanja, na usiku yeye anakaa na simu yake anaangalia mpira na mimi na simu yangu naongea na dada zangu Tanga, chumba kimoja watu wawili na kila mtu yuko kwake. Kuweka akiba sikulaumu, ndo kilichotuleta na mpaka leo tunaweka. Ila siku moja mama akaniuliza, "Huko Maskati kukoje mwanangu?" nikakosa jibu. Nikamwambia kuna joto. Mwaka mzima nimekaa mji wa watu na ninachokijua ni joto! Iliniuma sana ile.

Ndo tukakubaliana Alhamisi iwe yetu. Wikiendi ya huku ni Ijumaa na Jumamosi, kwa iyo Alhamisi usiku mji mzima unatoka, familia na watoto wao, wazee, vijana na magari yao, na sisi tukasema tutatenga hela kidogo kila mwezi na hiyo hela haiguswi kwa kitu kingine hata simu ikiharibika. Mwenzangu kazini kwake kuna shemeji mmoja wa Mombasa, mkewe ni mchangamfu balaa, tukawavuta na wao. Tukawa wanne.

Tulianza na Mutrah. Kama hujawahi kufika, Mutrah ni ile bandari ya zamani, milima imeizunguka kwa nyuma kama mgongo wa mamba, afu mbele ni bahari na njia ndefu ya kutembea kwa miguu pembezoni mwa maji. Usiku taa zinawaka kwenye ngome juu ya jabali. Unatembea unaingia sokoni, harufu ya ubani inakupokea mlangoni kabisa, na mimi ile harufu ni bibi yangu mzaa mama, Ijumaa jioni na chetezo chake, kwa iyo mara ya kwanza nilisimama tu pale watu wananipita. Mishkaki wanachoma kama kwetu na wanaiita hivyohivyo mishkaki, wanakupa na ukwaju wenye pilipili. Yule dada wa Mombasa alikula vijiti sita akasema, "Wallahi huu ukwaju watiwa na mtu anonijua."

Siku nyingine tukaenda asubuhi soko la samaki, lile jipya lenye paa jeupe linalopindapinda. Muuzaji ananionyesha nguru anasema kanad, kanad. Baba yangu nguru wa namna ile anamwita nguru kanadi tangu naijua dunia! Sikuwahi kujiuliza hilo neno limetoka wapi. Nikapiga picha nikamtumia baba, akajibu kwa sauti, dakika tatu nzima, anaeleza majahazi ya Waarabu yalivyokuwa yanakuja na kaskazi yakiwa na tende na papa mkavu afu yanasubiri kusi yarudi na boriti za mikoko. Dakika tatu! Baba ni mtu wa kusema "sawa" na kukata simu.

Sasa opera.

Hili wazo lilikuwa langu na lilipingwa na wote watatu. Hapa Muscat kuna jumba kubwa la opera, ile michezo ya jukwaani ya kuimba, mingi kwa Kitaliano, jumba la kifalme, lilifunguliwa Oktoba 2011 enzi za Sultan Qaboos ambaye alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki wa aina ile, lipo Shati al-Qurum, na kila tukipita na gari mimi nageuza shingo mpaka liishe. Mwenzangu akasema tutaenda kufanya nini, hatujui Kitaliano. Nikamwambia taarabu ya Kimisri mama yangu alikuwa haijui neno na alikuwa analia. Akanyamaza, akakata tiketi nne za viti vya juu.

Mavazi kule ni rasmi, mwanaume suti au vazi la kwao. Mwenzangu ni mtu wa Kilosa, kanzu sio vazi lake la kila siku, lakini ana kofia ya viua ambayo baba alimpa siku ya harusi yetu, imeshonwa kwa mkono, vile vitobo vidogovidogo vimezungushiwa uzi kimoja kimoja, na alikuwa hajaivaa tangu tufike. Aliitoa kwenye mfuko akaipuliza, akavaa na kanzu nyeupe na koti. Jamani. Nilimwangalia nikaona kama nimeolewa upya.

Ndani pale sijui niseme nini, mbao zimechongwa kuanzia chini mpaka dari, nikakumbuka milango ya Mji Mkongwe, afu mgongoni mwa kiti cha mbele yako kuna kioo kidogo kinakuandikia maneno yanayoimbwa, unachagua Kiingereza au Kiarabu. Kwa iyo hoja ya Kitaliano ikafa hapohapo. Ila mimi baada ya robo saa niliacha kusoma. Yule mama anaimba bila maikrofoni! Sauti inatoka kifuani kwake inapita watu mia na mia inakuja mpaka kule juu tulipo inakugonga hapa kwenye mfupa wa shingo. Nimekulia Tanga mimi, mji wa Black Star na Lucky Star, najua mwimbaji anavyoshika neno moja analirefusha mpaka watu wanainuka kwenda kutunza, na pale nilipata ile hali kamili, mkono wangu umeshaenda kwenye pochi kabisa. Lakini kule hakuna anayeinuka, watu wametulia kimya, na kile kimya nacho kina uzito wake, unahisi watu wote wamebana pumzi pamoja na wewe.

Mwenzangu akaanza kupiga makofi.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja, buibui la heshima, mtandio umekaa vizuri, nilijua ni Muarabu wa hapahapa. Akainama kidogo akasema taratibu kabisa, "Mwanangu, mwambie mumeo asubiri, hajamaliza huyo."

Kwa Kiswahili. Na sio Kiswahili cha kujifunza, Kiswahili chenyewe kile. Nikamshika mkono bila kufikiria, nikamwambia shikamoo bibi, akaitika "Marahaba mwanangu," macho bado yapo jukwaani. Mapumziko yalipofika ndo tukaongea, akasema, "Mie mzaliwa wa Wete, Pemba," akatuambia walivyotoka kwao baada ya Mapinduzi ya 1964, yeye msichana, wakahangaika miaka mpaka Sultan Qaboos alipokamata nchi mwaka 1970 akawaita waliotawanyika warejee, wakaja Muscat hamna lami wala taa. Akasema Kiarabu alijifunza hapa, ukubwani, na mwanzoni walimcheka. Mimi niliyekuwa nalalamika mwaka mmoja nilijisikia vibaya kidogo. Afu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia pale kwenye marumaru na taa za dhahabu, "Hapa mwapikia nazi gani?"

Nikamwambia ya kopo bibi.

"Ya kopo," akarudia polepole, akanipapasa mkono kama mtu anayempa pole mfiwa.

Basi toka siku ile tuna mtu. Siku nyingine ya Ijumaa tunakula kwake, mwanawe anakuja na watoto, wajukuu wanaongea Kiarabu na Kiingereza na Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu kwa aibu, na yeye anawaambia kila mara, "Sema na shangazi zako." Shangazi ndo mimi na dada wa Mombasa. Anapika mchuzi wa papa, mkate wa kumimina, siku nyingine kabuli ya huku yenye nyama na zabibu, na kahawa ya iliki na tende mpaka unaomba msamaha. Nimekula sehemu nyingi za hela hapa mjini, kuna mgahawa mmoja tulitoka na njaa na bili tukaizungumza mwezi mzima, lakini meza ya yule bibi sijaona wa kuifikia.

Agosti ikafika, Muscat zaidi ya nyuzi 40, hewa inakaa usoni kama kitambaa cha moto. Tukaamua sote wanne twende Salalah, ni kusini kabisa karibu na Yemen, kama kilomita 1,000 kwa barabara, jangwa tupu. Tulitoka baada ya swala ya Alfajiri. Gari tulikodi, na tulipopita Haima tairi likapasuka, kufungua la akiba nalo halina upepo kabisa, aliyetukodisha hata hakuliangalia, saa sita mchana, hakuna mti, dada wa Mombasa anasoma dua. Alisimama mzee mmoja na pikapu, hatujui lugha yake vizuri na yeye hajui yetu, akatoa maji ya baridi kwanza, akatugawia mmoja mmoja, wanawake mwanzo, afu tende, afu ndo akatoa pampu. Mwenzangu alipotaka kumpa hela aliweka mkono kifuani akatikisa kichwa. Sijui jina lake. Kila nikiswali namtaja "yule mzee wa Haima" na najua inafika.

Karibu na Salalah tulisimama Wadi Dawkah, bonde la miti ya mibani, UNESCO waliliweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 pamoja na sehemu nyingine za ubani. Miti mifupi, magamba yanabanduka kama karatasi, imesimama kwenye mawe ambayo ungesema hapaoti kitu. Kwenye shina moja palikuwa na jeraha na matone meupe yameganda. Nikasogeza pua. Bibi yangu alichoma ubani maisha yake yote na hakuwahi kuuona mti wake, nilimwonea mimi.

Afu unapanda mlima, na kwenye mlima ndo maajabu. Nyuma yako jangwa, mbele ukungu, dakika chache tu gari limeingia kwenye mvua nyepesi na majani ya kijani mpaka macho yanauma, ng'ombe wanatembea, ngamia wanatembea. Tukafungua vioo vyote. Msimu wanauita khareef, unaanza Juni mpaka Septemba, na kinachouleta ni upepo wa kusi. Kusi hiihii! Ile ambayo Tanga wavuvi wanaisikia wanavuta ngalawa nchi kavu, inapanda na bahari mpaka huku inagonga ile milima inakuwa manyunyu. Shemeji akatoa kichwa nje akasema, "Huu ni upepo wa kwetu, waninukia."

Siku nne pale. Usiku mmoja tulipanda mlima wa Ittin tukala madhbi, nyama inaiva juu ya mawe ya moto, mafuta yanachuruzika moshi unapanda, mnakaa chini mkekani na ukungu umewazunguka hamuoni hata gari lenu. Tuliongea mpaka saa saba usiku, mambo ambayo mimi na mwenzangu hatukuwa tumeyaongea kwenye kile chumba mwaka mzima, mtoto tuliyempoteza kabla ya kuja huku, na wao wakatuambia la kwao. Hayo mengine yabaki pale mlimani.

Na barabarani mjini Salalah kuna vibanda mstari, madafu, ndizi mbivu zimening'inia, mapapai, minazi kwa nyuma, ukifumba jicho moja ni Pangani. Muuzaji anakata dafu kwa mapigo matatu. Nilikunywa mawili nikaomba nazi kavu, nikazitikisa sikioni moja moja kama mama alivyonifundisha kusikiliza maji, nikachagua kumi na mbili, tukazifunga kwenye kanga zisigongane njiani.

Ijumaa iliyofuata tukampelekea bibi. Hakusema kitu. Akaingia ndani akarudi na mbuzi ya nazi, ya mbao, kikalio kimeng'aa kwa kukaliwa na ule ulimi wa chuma umeliwa kwa kunolewa umebaki mwembamba, akasema ilikuwa ya mamake na imetoka Wete ndani ya sanduku la nguo. Akavunja nazi mwenyewe kwa mgongo wa kisu, tukamkatalia akatukatalia. Akakaa, akakusanya buibui, akaanza kukuna, krr, krr, krr, wajukuu wakaja mmoja mmoja kuangalia, mdogo kuliko wote akachuchumaa mbele yake kabisa akauliza kwa Kiswahili, "Bibi, nini hii?" Bibi akachota machicha kwa vidole vitatu, akamtilia kiganjani.

"Onja kwanza."