Usiku ambao e4 haikuwamo kitabuni

Mwanangu ananisumbua tangu jana. Anacheza sataranji na ile programu yangu ya zamani, anasogeza askari hadi e4, mraba wa katikati ya ubao, na kabla hajaondoa kidole jibu limeshafika. "Baba, mbona haifikirii?" Nikamwambia imekariri kitabu, yaani faili la hatua za mwanzo zilizoandaliwa. Akataka akione. Nikamfungulia faili, akakuta tarakimu na herufi zimejazana, akaenda zake. Mimi nikabaki na e4, nikiukumbuka usiku nilioifundisha programu kukisoma kitabu hicho.

Mengine yote yalikwenda haraka. Kitabu ni cha muundo wa faili uitwao Polyglot, kila rekodi baiti 16: 8 za ufunguo (namba inayoutambulisha mpangilio wa kete ubaoni), 2 za hatua, 2 za uzito, na 4 za kujifunzia ambazo niliziruka. Baiti kubwa hutangulia. Ufunguo hutengenezwa kwa XOR (kulinganisha namba biti kwa biti, 1 ikitoka pale zinapotofautiana) kutoka namba nasibu 781: 768 za kete (aina 12 mara miraba 64), 4 za haki ya mfalme kuingia ngomeni, 8 za safu ya askari anayeweza kuliwa njiani (aliyeruka miraba miwili, akaliwa kana kwamba ameenda mmoja), na 1 ya zamu, ambayo huingizwa mweupe anapocheza. Mbinu hii Albert Zobrist aliiandika mwaka 1970, lakini namba ni lazima ziwe zilezile za Polyglot. Ukijitungia zako kitabu hakikufai kitu. Kuingia ngomeni nako kulinichezea kidogo, kwani kitabu huandika e1h1, kana kwamba mfalme anaila ngome yake mwenyewe.

Ufunguo wa ubao wa mwanzo ulitoka sawasawa: 463b96181691fc9c (hesabu ya msingi wa 16, tarakimu 0 hadi 9 kisha a hadi f). Programu ikianza yenyewe, inatoa hatua papo hapo. Nikianza mimi na e4, inaduwaa na kupiga hesabu kama mtu aliyeletewa sataranji leo. Kosa nililiona upesi: nilikuwa naingiza namba ya safu ya e kwa sababu tu askari ameruka miraba miwili. Polyglot huiingiza pale tu askari wa adui anapokuwa amesimama ubavuni mwake, tayari kumla. Nikarekebisha. Ufunguo ukawa 823c9b50fd114196, herufi kwa herufi kama kwenye orodha ya majaribio. Nikacheza e4. Bado ikaduwaa.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikamlazimisha mweusi acheze d5, na kitabu kikafunguka! Ufunguo wa hapo ni 0756b94461c50fb0. Yaani mtoto anajulikana, mama yake hajulikani. Nikachukua karatasi, nikaandika funguo moja chini ya nyingine. Ya 46 ipo. Ya 07 ipo. Ya 82 haipo. Nikaongeza hatua nyingine, nikaweka alama ya vema au kosa pembeni ya kila moja, sikuangalia ubao tena, niliangalia tarakimu ya kwanza tu. Zilizoanza na 0 hadi 7 zote zilikuwa na vema. Kuanzia 8 hadi f, makosa matupu.

Nilikuwa naandika kwa Java, na huko namba ya biti 64 ikiwa na 1 kwenye biti ya juu kabisa inasomwa kuwa hasi. Faili limepangwa bila kujali alama ya chanya au hasi, kwa hiyo 82 imekaa nusu ya pili. Utafutaji wangu huanza katikati ya faili na kila mara hutupa nusu moja, na rekodi ya katikati ilianza na 7f, chanya. Ufunguo hasi ukaonekana mdogo, ukatumwa kushoto, ambako haumo kabisa. Dawa ilikuwa mstari mmoja: Long.compareUnsigned mahali pa ile alama ya "ndogo kuliko".

Kinachonikera ni hiyo rekodi ya katikati. Ingeanza na 80, mambo yangepinduka: 82 ingeonekana na ubao wa mwanzo wenyewe ungepotea. Labda ningeamka dakika ileile. Au ningelaumu mpangilio wa baiti na kukesha usiku mwingine.

Mwanangu ameshapata njia yake. Anaanza na h4, kisha a4. Programu inanyamaza. "Sasa inafikiria," anasema, na kuegemea kiti.