Hela ya Mjerumani

Desemba 1999 nilikuwa likizo kwa bibi, Tabora, nimetoka kufanya mtihani wa kidato cha pili. Usiku mmoja mjomba akaingia na kitu kirefu kilichozongwa blanketi. Nilidhani bunduki. Kumbe ni mashine ya kupimia madini, aliyoazima kwa wachimbaji wa Nzega kwa ahadi ya kugawana nusu kwa nusu. Nusu ya nini, hatukuuliza. Tabora hakuna asiyejua habari za mali ya Mjerumani.

Tulikua tukizisikia: Wabelgiji walipokaribia mji, Septemba 1916, Wajerumani walifukia masanduku ya dhahabu, wakaacha alama kwenye mawe na kwenye miembe. Masanduku hayo sijaona mtu aliyeyafukua. Lakini dhahabu yenyewe haikuwa hadithi. Vita ilipowafungia bahari, sarafu kutoka kwao hazikufika tena, wakaamua kuzitengeneza hapahapa, kwenye karakana ya reli upande wa Lulanguru: za rupia 15, dhahabu yenye picha ya tembo, na za heller 20 zilizotokana na maganda ya risasi na vyuma vingine walivyookoteza. Shamba la bibi lilikuwa njia hiyohiyo ya Lulanguru, kando ya reli. Mjomba alikuwa ameshapiga hesabu zake.

Kulipokucha tukaanza, yeye na mashine, mimi na sururu. Ikilia, ananiambia, "Mjomba, piga hapa." Nilipiga. Kizibo cha soda. Nikapiga tena, msumari wa reli. Nati, bati, kopo la samaki, jembe la marehemu babu lililokatika shingo. Asiyewahi kutafuta kitu cha thamani kando ya reli na mashine ya namna ile hajui adha: chuma kimejaa kila hatua, na mashine inakililia chote kama mtoto mwenye njaa. Hatukujua pia kwamba kuchimbua vitu vya kale bila kibali ni kosa kisheria. Tulichokiogopa ni majirani tu.

Saa tisa alasiri, chini ya mwembe, ikatoa mlio mwingine, mwembamba, usiokatika. Mjomba alinisukuma pembeni akafukua kwa mikono. Kikatoka kiduara cheusi chenye ukijani, kimeganda udongo.

Alichofanya baada ya hapo kinaniuma mpaka leo. Alichota majivu jikoni, akakata limau, akachanganya na mchanga, akasugua. Akasugua mpaka ikang'aa njano, akaanza kucheka peke yake. Kisha akaing'ata, na kicheko kikakatika. Shaba.

Nikaichukua nikaisoma. Upande mmoja taji, D.O.A. (kifupi cha Kijerumani cha koloni lao la Afrika Mashariki), 1916 na herufi T. Upande wa pili nikasoma kwa sauti, "Ishirini hela."

Bibi alikuwa anamenya maembe barazani. "Ishirini nini?"

"Hela, bibi. Imeandikwa Heller."

Akaweka kisu chini. "Lete." Aliigeuza na kuigeuza. "Baba alikufa anaita hela. Shilingi za Mwingereza zimejaa mfukoni, yeye ni hela tu. Tukimcheka, eti mzee hajui kuwa Mjerumani ameondoka."

Na mimi niliyekuwa nikiomba hela kila siku ya Mungu sikuwahi kujua kwamba hela ilikuwa sarafu, mia moja zake rupia moja.

Mjomba hakuwa na nafasi ya historia. Kesho yake aliipeleka mjini kwa mfanyabiashara mmoja anayenunua vitu vya kale. Yule bwana aliitazama mara moja tu, akauliza, "Nani kaisugua hivi?" Ingebaki na weusi wake, alisema, wangezungumza. Bei aliyotaja haikufika kilo mbili za sukari. Mjomba akarudi nayo kwa hasira, akaitupa mkekani, na bibi akaiokota akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na fedha zake nyingine.

Jioni mjomba alikuja na unyonge wake, anaomba nauli ya kurudisha mashine Nzega. Bibi alifungua pindo taratibu, akahesabu noti, akaiweka ile sarafu juu yake.

"Anza kumpa hiyo kondakta," alisema. "Akiikataa, nirudishie."