Treni Imesimama Barwon

Kwa nauli ya treni kutoka Sydney, Australia, hadi Broken Hill ningekwenda Nairobi na kurudi Mombasa mara kadhaa, tena kiti chenyewe kilikataa kulala. Lakini dada yangu, binti wa khalati, ni muuguzi huko na alikuwa ameshanisimanga vya kutosha. Treni ya moja kwa moja hutoka alfajiri, mara moja kwa wiki. Habari za milima na mashamba ya ngano waulizeni wengine, mimi nilisinzia.

Nilizinduka tumeshaipita stesheni ya Ivanhoe, treni imesimama. Joto, tukaambiwa, reli zikishapata moto treni hutambaa, na siku mbaya husimama kabisa. Kiyoyozi kikaanza kukohoa. Kwenye behewa la chakula zilibaki sandwichi baridi kwa bei ya kuku mzima wa kwetu. Nje ardhi nyekundu, vichaka, na emu wawili, ndege mfano wa mbuni, waliotutazama kana kwamba tumewachelewesha.

Nikamuuliza bibi aliyekaa mkabala wangu tuko wapi. "Barwon," akajibu. Nikatafuta kibao cha stesheni, hakuna. Akacheka hadi miwani ikateleza. Barwon ni eneo bunge, kijana. Ukishuka Broken Hill usiku, bado utakuwa ndani yake.

Akachukua mfuko wa karatasi wa sandwichi yangu, akachora. Kilomita za mraba kama 356,000, yaani asilimia 44 hivi ya jimbo zima la New South Wales, chini ya mbunge mmoja kati ya 93 wa bunge la jimbo. Kenya yote ni kama 580,000. Mimi ni mtu wa Mvita, Mombasa, eneo bunge unaloweza kulimaliza kwa miguu na bado ukawahi mahamri ya saa nne.

Kwa nini liwe kubwa hivyo? Sheria yao inadai maeneo bunge yakaribiane kwa idadi ya wapiga kura, tofauti isizidi asilimia 10. Vijana wanahamia pwani, bara linabaki na wazee na kondoo, basi mipaka ikichorwa upya Barwon huelekea kunyooshwa. Hapo nikaikumbuka katiba yetu ya 2010, inayoruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 kwa miji na kwa sehemu zenye watu wachache. Nilizoea kunung'unika kwamba North Horr, kule kaskazini mwa Kenya, yenye watu wachache kuliko mtaa mmoja wa Nairobi, ina mbunge wake. Kwenye behewa lile lenye joto nikaona North Horr wana haki yao. Mbunge wa Barwon akitaka kuwaona watu wake wote, ataanza lini na atamaliza lini?

Bibi hakujali sana ukubwa. Lililomkera ni mto. Jina Barwon lilianza kwenye ramani za uchaguzi mwaka 1894, likafutwa, likafufuliwa, nalo ni la mto ambao ukishuka huitwa Darling; Wabarkandji, wenyeji wake, wanauita Baaka. Akachora mstari wa mto, akatia nukta upande wa juu, yanakotokea maji: Narrabri, Walgett, Bourke, kwenye mashamba ya pamba na pampu kubwa. Kisha nukta moja chini, akaikoleza kalamu hadi karatasi ikatoboka: Menindee, kwake. Anayevuta maji na anayeyakosa wanampigia kura mbunge yule yule.

Mwishoni mwa 2018 na Januari 2019, katika ukame, samaki walikufa Menindee kwa mamia ya maelfu, maji yamekosa hewa. Harufu, aliniambia, iliingia hadi kwenye mkate. Machi 2019 watu wakapiga kura, na chama cha National, kilicholishika Barwon tangu 1950, kikaangushwa na Roy Butler wa chama cha wawindaji, wavuvi na wakulima. Mwishoni mwa 2022 Butler akakihama chama hicho, na Machi 2023 akashinda tena akiwa mgombea huru. Wiki ile ile ya kabla ya uchaguzi, samaki wakafa tena Menindee, safari hii kwa mamilioni.

Alishuka kwake gizani, na mfuko wangu akaondoka nao.

Broken Hill nilifika nimechoka, na saa yangu ilikuwa nusu saa mbele, kwani mji unafuata saa za Australia Kusini. Una madini ya fedha, risasi na zinki, na msikiti wa mabati uliojengwa na waswaga ngamia wa karne ya 19. Huu ni mji wa wachimba migodi uliochagua chama cha Labor miaka na mikaka. Ulikuwa na eneo bunge lake, likafutwa 1999. Ukaingizwa eneo bunge la Murray-Darling, nalo likafutwa. Tangu 2015 umo Barwon. Maji yake tangu 2019 hutoka kwa bomba la kilomita 270 kutoka Wentworth, ambayo ni ya eneo bunge jingine!

Dada ameshakuwa raia, na huko asiyepiga kura hutozwa faini. Shemeji akamuuliza mbele yangu alimpigia nani 2023. Akasema kura ni siri, na kama tunataka ubwabwa tumenye vitunguu.